Makato ya bima ya ugonjwa: tuyahesabu wenyewe

SOMO LA WANACHAMA



Katika mkutano wetu wa Minago tuliwaomba wenzetu waje na karatasi zao za mshahara, zile ambazo hapa kwetu tunaziita fishi. Walikuja walimu, wauguzi, madereva wa barabara ya Bujumbura na Rumonge, na watu wa mashine za mawese. Tuliwauliza swali moja tu: "Faranga ulizokatwa mwezi huu kwa ajili ya bima ya ugonjwa zimepatikanaje?" Mikono iliyoinuka ilikuwa michache. Wengi walijibu kwamba hiyo ni kazi ya karani.

Ndipo aliposimama mwenzetu mmoja, ambaye mwajiri wake hatumtaji hapa. Mtoto wake wa miaka kumi alivunjika mkono. Alimfikisha hospitali akiwa na kadi ya bima mfukoni, akaambiwa kadi imefungwa kwa sababu michango ya miezi mitatu haijafika. Lakini fishi zake zote za miezi hiyo zilionyesha kwamba amekatwa, hata siku moja hakuachwa. Alilipa kwa fedha ya kukopa. Tulipokaa naye baada ya mkutano kupiga hesabu tukaona jambo la pili: hata makato yenyewe yalikuwa makubwa kuliko mapatano. Alikuwa akiibiwa mara mbili, na hakujua, kwa kuwa hakupata kuhesabu.

Somo hili limetokana na siku ile. Halihitaji elimu kubwa. Linahitaji kalamu, karatasi na fishi yako. Ajuaye kuzidisha na kugawa analiweza.

1. MANENO MATANO YA KUSHIKA

Kabla ya hesabu tukubaliane juu ya maneno.

Mchango mzima ni fedha yote inayopaswa kufika kwenye bima kwa ajili yako, iwe kwa mwezi au kwa mwaka.

Sehemu ya mwajiri ni kipande cha mchango mzima anachokitoa mwajiri. Mara nyingi hakionekani katika fishi, au kimeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo.

Sehemu ya mfanyakazi ni kipande kinachokatwa katika mshahara wako. Hiki ndicho tunachokiita makato.

Msingi ni ile fedha ambayo asilimia inahesabiwa juu yake. Inaweza kuwa mshahara wa msingi peke yake, au mshahara pamoja na posho.

Kipindi cha malipo ni muda kati ya mshahara na mshahara: wiki, siku kumi na nne, nusu mwezi, au mwezi mzima.

Wengine husema sehemu ya mwajiri ni zawadi yake kwetu. Si kweli. Anapopanga gharama za kazi, mwajiri anahesabu mshahara wako na mchango wake pamoja, kwa sababu vyote viwili vinatokana na jasho lako. Sehemu yake ni ujira wako uliowekwa akiba kwa siku ya ugonjwa. Isipofika, umepunjwa ujira.

2. MAKATO YA ASILIMIA

Njia ya kwanza ya kukata ni kwa asilimia ya mshahara. Walimu na wauguzi wa serikali wanaijua kwa kupitia MFP, yaani mituweli ya watumishi wa serikali, iliyoanzishwa mwaka 1980. Katika mpango wake mchango mzima ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi: mtumishi hutoa 4, mwajiri hutoa 6.

Tumchukue Ndugu A. Mshahara wake wa msingi ni faranga 120,000 kwa mwezi. Anapata pia posho za faranga 30,000. Jumla yake ni 150,000.

Sehemu ya mfanyakazi: 120,000 mara 4, gawa kwa 100 = 4,800.
Sehemu ya mwajiri: 120,000 mara 6, gawa kwa 100 = 7,200.
Mchango mzima: 4,800 na 7,200 = 12,000.

Sasa tuangalie makosa mawili yanayotokea mara kwa mara katika njia hii.

Kosa la kwanza ni la msingi. Karani anachukua asilimia 4 ya 150,000 badala ya 120,000. Anapata 6,000. Ndugu A amezidishiwa faranga 1,200 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 14,400. Kwa mwezi mmoja fedha hiyo haionekani. Kwa mwaka ni sare ya shule ya mtoto.

Kosa la pili ni zito zaidi: mchango mzima wote, faranga 12,000, unakatwa kwa mfanyakazi, na mwajiri hatoi kitu. Kosa hili hujificha kwa urahisi kwa sababu fedha inayofika kwenye bima ni kamili, kadi inafanya kazi, na hakuna anayeuliza. Kwa Ndugu A ni faranga 7,200 kila mwezi, sawa na 86,400 kwa mwaka.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Chukua makato yaliyoandikwa, zidisha kwa 100, gawa kwa mshahara wako wa msingi. Jibu likiwa ni ile asilimia ya mapatano, hesabu ni sawa. Likizidi, uliza.

3. MAKATO YA ADA MAALUM

Njia ya pili hutumika sana katika makampuni binafsi. Mwajiri anafanya mkataba na kampuni ya bima, nayo inatoza ada ya mwaka kwa kila mtu au kwa kila familia. Hapa mshahara hauangaliwi. Kinachoangaliwa ni ada na mgawanyo wake.

Tuseme ada ya familia ni faranga 360,000 kwa mwaka, na mapatano yanasema mwajiri atoe asilimia 60.

Sehemu ya mwajiri: 360,000 mara 60, gawa kwa 100 = 216,000.
Sehemu ya mfanyakazi: 360,000 toa 216,000 = 144,000.
Makato ya kila mwezi: 144,000 gawa kwa 12 = 12,000.

Aliyeingia katika bima katikati ya mwaka hulipa miezi yake tu, kama mkataba unatoza kwa miezi. Aliyeanza tarehe 1 Aprili ana miezi 9: 12,000 mara 9 = 108,000. Asikubali kukatwa 144,000 yote katika miezi hiyo tisa, maana hiyo ingekuwa 16,000 kwa mwezi.

Angalieni pia neno "asilimia 60" linahusu nani. Mikataba mingine inasema mwajiri atamlipia mfanyakazi mwenyewe, lakini mke, mume na watoto wana mgawanyo mwingine. Hapo hesabu hufanywa mara mbili, kila moja na asilimia yake, kisha zinajumlishwa. Someni mkataba wenyewe. Msitegemee maneno ya mlangoni.

4. MARA 24 AU MARA 26?

Hapa ndipo mwenzetu wa Minago alipopotelea. Yeye halipwi kwa mwezi. Hulipwa kila Jumamosi ya pili, yaani kila baada ya siku 14. Karani alifikiri hivi: makato ya mwezi ni 12,000, kwa mwezi kuna malipo mawili, basi kila malipo ni 6,000. Hesabu hiyo inapendeza kuisikia, lakini ni ya uongo.

Mwaka una wiki 52. Anayelipwa kila baada ya wiki mbili hupata mshahara mara 26, si mara 24. Kwa kawaida kuna miezi miwili katika mwaka yenye siku tatu za malipo, na katika miezi hiyo hukatwa mara tatu. Anayelipwa tarehe 15 na mwisho wa mwezi ndiye hupata mara 24. Watu hawa wawili wanafanana kwa mbali tu.

Makato ya haki kwa mwenzetu: 144,000 gawa kwa 26 = 5,538.46.
Aliyokatwa: 6,000 mara 26 = 156,000.
Ziada kwa mwaka: 156,000 toa 144,000 = 12,000.

Nani alifaidika? Kampuni ya bima inadai 360,000 tu. Ikiwa mfanyakazi ametoa 156,000, mwajiri amebakiwa na deni la 204,000 badala ya 216,000. Kwa hiyo sehemu yake si asilimia 60 tena, ni karibu 57. Mapatano yaliyopiganiwa mezani yamebadilishwa na kalamu ya karani, bila mkutano na bila sahihi.

Hatusemi kwamba kila kosa la namna hii ni hila. Mara nyingine karani mwenyewe hakufundishwa. Ndiyo maana tunashauri msahihishe kwa upole, mkiwa na karatasi ya hesabu mkononi. Kuna njia mbili za kurekebisha. Ya kwanza, kukata 5,538 kila mara. Baada ya malipo 26 itakuwa 143,988, na zile faranga 12 zilizosalia zikatwe mara ya mwisho. Ya pili, kukata 6,000 mara 24 tu, na kuacha kukata katika ile siku ya tatu ya malipo katika miezi miwili yenye siku tatu. Zote ni halali. Chagueni moja, iandikwe.

Kwa kumbukumbu: mwezi, gawa kwa 12, nusu mwezi, gawa kwa 24, kila siku 14, gawa kwa 26, kila wiki, gawa kwa 52.

5. ASILIMIA AU ADA MOJA: MZIGO UNAMWELEMEA NANI?

Ndugu A anapata mshahara wa msingi wa 120,000. Ndugu B, mkuu wa idara, anapata 600,000. Wote wawili wakikatwa ada moja ya 12,000 kwa mwezi, karani atasema wametendewa sawa. Tupime.

Kwa Ndugu A, 12,000 ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi.
Kwa Ndugu B, 12,000 ni asilimia 2.

Mzigo wa A ni mara tano ya ule wa B, na hospitali ni ile ile. Sasa tuseme sendika inaomba fedha ile ile, 24,000 kutoka kwa wote wawili, ikusanywe kwa asilimia. Mishahara yao pamoja ni 720,000. Ukigawa 24,000 kwa 720,000 unapata kama asilimia 3.33. Ndugu A atatoa 4,000, Ndugu B 20,000. Bima imepata fedha yake kamili. Ila mzigo sasa umepangwa kwa kadiri ya mabega.

Huu ni mjadala wa mezani, na wenzetu wa mishahara mikubwa wana haki ya kusema neno lao. Lakini asiyejua hesabu hii hataweza hata kuuanzisha. Kama mwajiri hakubali asilimia, sendika inaweza kuomba atoe sehemu kubwa zaidi kwa ajili ya wenye mishahara ya chini.

Tuna kipimo cha kutumia. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unasema katika kifungu cha 71 kwamba jumla ya michango ya bima inayobebwa na wafanyakazi isizidi nusu ya fedha zote za kuwalinda. Mgawanyo wa 4 na 6 uko ndani ya kipimo hicho.

Majirani zetu wamegawa kwa njia mbalimbali. Tanzania, mfuko wa NHIF, ulioundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, uligawa nusu kwa nusu: 3 kwa mtumishi na 3 kwa mwajiri. Rwanda, mpango wa RAMA, ulioanza mwaka 2001, nao ulikuwa nusu kwa nusu, 7.5 na 7.5 ya mshahara wa msingi. Kenya, tangu Oktoba 2024, mpango mpya ulioshika nafasi ya NHIF unakata asilimia 2.75 ya mshahara wote, na yote inatoka kwa mfanyakazi. Kwa hiyo msiulize asilimia tu. Ulizeni inatoka mfuko wa nani.

6. TUSICHANGANYE NA INSS

Wengi waliokuja Minago walitunyoshea kidole kwenye mstari wa INSS wakidhani ni bima ya ugonjwa. Sivyo. INSS, iliyoanzishwa mwaka 1962, inashughulikia pensheni na ajali za kazini. Ni mstari mwingine wenye hesabu nyingine.

Katika kanuni tunazozitumia kwa somo hili, mchango wa pensheni ni asilimia 10: mfanyakazi 4, mwajiri 6, na hesabu haivuki mshahara wa 450,000. Kwa ajali na magonjwa ya kazi ni asilimia 3, na hesabu haivuki 80,000. Asilimia hii 3 ni ya mwajiri peke yake. Ukiiona imekatwa katika mshahara wako, hilo ni kosa, wala halihitaji mjadala mrefu.

Kwa mshahara unaohesabika wa 150,000: pensheni ya mfanyakazi ni 6,000, ya mwajiri ni 9,000. Kwa ajali hatuchukui 150,000, tunasimama kwenye 80,000: asilimia 3 yake ni 2,400. Viwango kama hivi hubadilishwa kwa amri ya serikali. Kwa hiyo kila mjumbe wa sendika awe na nakala ya amri inayotumika wakati wake. Namna ya kuhesabu haibadiliki.

7. ZIMEKATWA, JE, ZIMEFIKA?

Hesabu sahihi haitoshi kama fedha inalala njiani. Fedha iliyokatwa kwako si ya mwajiri hata kwa siku moja. Ni amana. Akiitumia kununulia mafuta ya gari au kulipia deni la kiwanda, ametumia mali isiyo yake, na siku ya ugonjwa ni wewe utakayesimama dirishani.

Tulikubaliana Minago tufanye haya:

Moja, kila mtu atunze fishi zake zote, hata za zamani, mahali pakavu.

Mbili, awe na daftari lenye safu nne: tarehe, makato yaliyoandikwa, makato yaliyohesabiwa, na tofauti.

Tatu, kila baada ya miezi mitatu mjumbe wa sendika aombe kwa mwajiri karatasi ya benki inayoonyesha michango imepelekwa, pamoja na orodha ya majina. Jumla ya karatasi hiyo iwe sawa na makato ya wote pamoja na sehemu ya mwajiri.

Nne, mjumbe auulize pia mfuko wa bima wenyewe kama kadi za wenzake ziko wazi, kabla mtu hajaugua.

Tano, kukiwa na tofauti, iandikwe barua yenye hesabu, ibaki nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Isipojibiwa, iende kwa Mkaguzi wa Kazi.

Mwenzetu wa mtoto aliyevunjika mkono alifuata njia hii, akiwa na wajumbe wawili pembeni yake. Mwajiri alilipa michango ya nyuma, na makato yamesahihishwa kuwa 5,538. Fedha aliyokopa kwa ajili ya hospitali bado anaidai. Tunaendelea kuifuatilia naye.

8. NENO KWA NDUGU ZETU WASIO NA FISHI

Minago haiishi kwa mishahara peke yake. Ndugu zetu wa mitumbwi ya ndagala hugawana mavuno. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivutii samaki, nao hukaa ufukoni bila kipato. Mtu wa namna hii hana karani wa kumkata. Kwake kuna Kadi ya Matibabu, CAM, iliyoanzishwa mwaka 1984. Ilipofufuliwa mwaka 2012 bei yake iliwekwa faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka, na mwenye kadi kulipa asilimia 20 ya gharama katika vituo vya serikali. Hesabu ya kujiandaa ni ile ile ya sehemu ya nne: chukua fedha ya mwaka, gawa kwa siku unazopata kipato, si kwa siku zote. Mvuvi mwenye usiku wa kuvua kama wiki tatu kwa mwezi apange akiba yake juu ya wiki hizo tatu.

MAZOEZI

(a) Mshahara wa msingi ni 200,000, posho 50,000. Makato ya mituweli kwa asilimia 4 ya mshahara wa msingi ni ngapi? Fishi inaonyesha 10,000. Karani amekosea wapi?

(b) Ada ya mwaka ni 260,000. Mwajiri hutoa asilimia 70. Mfanyakazi hulipwa kila siku 14. Akatwe ngapi kila mara?

(c) Ada ya mfanyakazi mwenyewe ni 100,000, na mwajiri analipa yote. Ada ya familia yake ni 240,000, na mwajiri analipa nusu. Makato ya mwezi ni ngapi?

MAJIBU

(a) 8,000. Karani amehesabu juu ya 250,000.
(b) Sehemu ya mfanyakazi ni 78,000; gawa kwa 26 = 3,000.
(c) 120,000 gawa kwa 12 = 10,000.

Aliyekosa lolote asione haya. Arudie sehemu yake polepole, au amwombe jirani wasome pamoja. Katika mkutano ujao njooni tena na fishi zenu, na safari hii kila mmoja aje na hesabu yake ameshaiandika nyuma. Umoja wetu ni nguvu, lakini nguvu hiyo ikifika mezani bila hesabu, itarudi mikono mitupu.